Maneno Niliyomwongezea Ustadha

Mgeni wa kwanza aliyetoka nje kuja kumwangalia Ustadha akifundisha alikaa karibu nusu saa bila kumwona. Alikuwa ameingizwa katika chumba cha chuo chetu cha Kurani, kijijini kwetu Gando, akakuta watoto arubaini wamekaa safu nne juu ya mkeka wanaimba kasida, na mbele yao hakuna mtu. Palikuwa na ubao, na dirisha, na ukuta unaotaka chokaa. Aliniinamia, maana mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake, akaniuliza kwa sauti ya chini mwalimu angefika saa ngapi. Nilimwonyesha safu ya tatu, katikati, baina ya mtoto mwenye ushungi wa kijani na mtoto asiye na meno ya mbele. Ustadha alikuwa amekaa hapo, miguu ameikunja, macho ameyafumba nusu, anaimba pamoja nao.

Hapo ndipo alipokaa miaka yote niliyomjua. Nilianza kusoma kwake nikiwa na miaka saba, nikaacha nilipokwenda kidato cha tano, na sikumwona hata siku moja akisimama mbele ya watoto kuwaongoza.

"Nkikaa mbele wataniimbia mie," alisema. "Na kasida haimbiwi mwalimu."

Aliongoza kwa pumzi. Alipovuta pumzi mabega yake yalipanda, na safu ya tatu ilipanda naye. Safu ya pili waliisikia nyuma ya shingo zao, na ya kwanza wakaisikia kwa ya pili. Ukiwa mgeni huoni kitu. Unasikia tu watoto arubaini wameanza neno moja kwa wakati mmoja, na unatafuta nani amewaambia.

Sasa nina shahada, nina kazi ya mkataba Unguja, na nina tabia ya kulifikiria jambo mpaka linachakaa. Ninalolifikiria zaidi ni hili: siku moja nilimsemea Ustadha maneno ambayo hakuyasema, naye akajua. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, aniamini tena kumsemea. Ninapoandika haya najua kwamba hata hapa namsemea, na kila sentensi naipima mara mbili kabla ya kuiacha.

Hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa na mikono miwili, na aliipigisha mara moja tu, pa, wimbo ukakatika. Maana yake ilikuwa mmoja wenu amekosea, rudini mwanzo. Hakutaja nani. "Aliyekosea anajijua," alisema, "na asiyejijua atajijua tukirudia." Mwaka wa kwanza nilidhani kila pa ilikuwa yangu. Nilikuja kujua baadaye kwamba wenzangu wote walidhani hivyo hivyo.

Kwa hiyo yule mgeni alipokuja, alituletea balaa bila kukusudia. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Estonia, nchi ndogo ya kaskazini ambako, alivyonieleza, karibu kila mtu yumo katika kwaya. Yeye mwenyewe aliongoza kwaya ya watu wazima, na alikuja kwetu kwa mpango wa kubadilishana viongozi wa kwaya na walimu wa muziki: mmoja anakuja kuona wenzake wanavyofundisha, kisha mwenyeji naye anaalikwa kwenda. Watoto walimwita Bi Mgeni. Waliimba ubeti wa kwanza, wakaumaliza vizuri, na Bi Mgeni kwa furaha akapiga makofi.

Watoto wakanyamaza. Wakatazamana. Wakarudi mwanzo.

Ubeti uliisha tena, na safari hii ulikuwa mzuri zaidi, kwa hiyo Bi Mgeni akapiga makofi zaidi. Wakarudi mwanzo. Mara ya tano yule asiye na meno alianza kulia, akiamini ni yeye. Bi Mgeni alinigeukia kuniuliza kama kasida hii ina ubeti mmoja tu. Na Ustadha pale safu ya tatu alikuwa amejifunika uso kwa ushungi, mabega yanamtikisika, na si kwa kuimba.

"Mwambie mgeni mikono yake aikalie," aliniambia alipoweza kusema.

Nilimwambia Bi Mgeni kwamba mwalimu anamwomba kwa heshima asipige makofi kwanza. Akaomba radhi. Kila mtu akaridhika. Hapo niliongeza "kwa heshima", na hakuna aliyenilaumu, nami nikajiona mkalimani hodari.

Kulikuwa na jengine pia, na hili Ustadha aliliamuru mwenyewe. Bi Mgeni alikuwa mwepesi wa kusifu. Alimsifu mtoto huyu sauti, yule masikio, wa tatu macho. Nami nilifasiri. Mara ya pili Ustadha alinikata.

"Mbona hasemi mashaallah?"

"Kwao halipo, Ustadha."

"Basi weye tia. Mtoto wa watu hasifiwi hivi hivi akaachwa wazi."

Nikawa natia. Kila sifa ya Bi Mgeni ilifika kwa Ustadha imevaa mashaallah yake. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kuongeza neno na likawa jema. Ndilo somo nililolitumia vibaya.

Sitaki aonekane mtu wa hekima kila saa, maana hakuwa. Alikataza watoto wasile barafu za pakiti kwa sababu zinaharibu koo, na alimnyang'anya mtoto yeyote aliyemkamata nayo. Barafu zile hazikutupwa. Siku moja nilipitia nyuma ya chuo nikamkuta anaifyonza moja ya rangi nyekundu, amefumba macho kama vile anavyofanya katika kasida. Alinitazama, akaimaliza, akasema, "Mie koo langu lishazeeka, haliharibiki tena."

Taarabu aliita kazi ya watu wasio na kazi. Lakini ukimkuta peke yake anamenya muhogo, utasikia taarabu, tena ya zamani, na beti zote anazijua kwa mpangilio. Ukimsalimu anakatiza katikati ya neno na kuitikia "Marahaba" kana kwamba ndiyo mwisho wa wimbo. Vipaza sauti alivichukia, akisema vinamfanya mwongo kila anayeviimbia, na kila Maulidi aligombana na fundi mitambo kwa kuwa kipaza sauti cha watoto wake kiko chini.

Alikuwa na subira ya ajabu na mtoto mzito wa kushika. Na hakuwa nayo hata chembe akiwa katika foleni ya hospitali. Watoto wapya hakuwaruhusu kuimba mwezi mzima. Walikaa wamefunga midomo, wanapumua na wenzao. Mama mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe anatoka chuoni hajui hata mstari.

"Anajua kungoja," Ustadha alimwambia. "Wako nyumbani wangapi wanaojua?"

Yule mama alicheka, akaondoka, na mtoto akabaki.

Bi Mgeni alipoondoka alituachia fomu. Ustadha alistahiki kuomba nafasi ya wiki sita kwao, na mkalimani mmoja angeweza kulipiwa aende naye. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka na nusu uliopita, na kazi niliyokuwa nayo ilikuwa kuandika barua za kuomba kazi. Sikuwahi kutoka Tanzania. Sitajifanya kwamba sikuwaza hilo.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza na niliijaza peke yangu. Kila swali nilimuuliza Ustadha, isipokuwa moja. Liliuliza kama mwombaji anasoma nota za muziki, na chini yake paliandikwa kwamba wasiosoma watafikiriwa nafasi zikibaki. Swali hilo nililikalia siku mbili. Nilijiambia: Ustadha anasoma msahafu kwa tajwidi. Panapovutwa anavuta, panapowekwa alama ya kusimama anasimama. Je, hizo si alama za sauti? Na kama ni alama za sauti, zina tofauti gani na nota? Nilijibishana mpaka nikajishinda. Nikatia alama kwenye ndiyo.

Mahojiano yalifanyika Wete, kwa mtandao, katika chumba cha kompyuta cha skuli ya rafiki yangu. Upande wa pili wa kioo cha kompyuta walikuwa watu watatu, na aliyeuliza zaidi alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe. Ustadha alivaa buibui lake la sikukuu. Alijibu maswali kwa ufupi nami nikayafasiri. Aliulizwa ana watoto wangapi, wanaimba siku gani, ana miaka mingapi katika kazi hii. Kisha yule mzee akasema amefurahi kuona katika fomu kwamba mwalimu anasoma nota, na akauliza amejifunza wapi.

Nilimgeukia Ustadha. Kichwani nilikuwa nimeshaandaa namna ya kuuliza ambayo ingeleta jibu zuri. Lakini yeye alikuwa ananitazama, na nikaogopa, nikauliza kama lilivyo.

"Anauliza umejifunza wapi kusoma nota za muziki."

"Sisomi," alisema.

Nikawageukia wale watatu. Nilisema kwamba mwalimu anaona haya kujisifu, kwamba anasoma kidogo, kwamba amejifunza kwa njia ya kienyeji inayotokana na usomaji wa Kurani, na kwamba yuko tayari kujiendeleza. Yule mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika.

Ustadha aliniwekea mkono juu ya goti.

"Mie nimesema neno moja," alisema. "Weye umesema maneno mpaka mzee wa watu kaandika. Umesema nini?"

"Nimesema unasoma... kidogo."

"Kidogo gani?"

Niliinamia meza.

"Mwambie sisomi. Nangojea."

Kwenye kioo walikuwa wametulia, wanatuangalia kwa adabu. Niliwaambia kwamba nimekosea kufasiri, kwamba mwalimu hasomi nota, na kwamba alama ile kwenye fomu niliitia mimi bila kumuuliza. Yule mzee aliipitisha kalamu yake karatasini, nadhani alifuta alichoandika. Mwenzake, mwanamke kijana, akauliza: kama hasomi, anakumbukaje kasida nyingi hivyo?

Ustadha alifungua mkoba, akatoa daftari la skuli la kurasa tisini na sita, limechakaa pembe. Ndani kila kasida ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake, na juu ya maneno palikuwa na alama za penseli: nukta pa kuvuta pumzi, mstari pa kurefusha, kijikulabu pa kushuka. Nilikuwa nimeliona daftari lile maisha yangu yote. Katika siku zangu mbili za kujibishana halikunijia akilini hata mara moja.

Walimwomba alisogeze karibu na kamera. Akalisogeza. Hawakusema kitu kikubwa. Walishukuru, wakaagana nasi.

Tulipotoka nilianza kuomba radhi kwa maneno mengi. Nilimkumbusha hata mashaallah, kwamba yeye mwenyewe aliniambia niwe naongeza.

"Mashaallah ilimkinga mtoto," alisema. "Hii ya leo ilimkinga nani?"

Naye hakulirudia suala lile, si siku hiyo wala baadaye. Alininunulia hata maji ya kunywa.

Baada ya wiki tatu barua pepe ilikuja kwenye anwani yangu. Ustadha amepata nafasi. Kuhusu mkalimani, walinishukuru kwa msaada wangu na kusema watampata mwengine huko huko. Nilimsomea yote, pamoja na sehemu inayonihusu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi," alisema.

Nililipa uzito neno lile kwa miezi. Lakini lililoniuma zaidi halikuwa safari. Kabla ya hapo, kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia nyumbani kwake ilikuja kwangu: maelezo ya dawa ya macho, ujumbe wa mwanawe aliyeko Muscat mwenye kuchanganya lugha, hata maandishi ya nyuma ya kopo la maziwa. Baada ya Wete hazikuja tena. Nilimwona siku moja amesimama dukani, mwenye duka amevaa miwani, anamsomea karatasi ya dawa kwa kukisia. Alinisalimu vizuri. Aliniuliza hali ya mama. Karatasi aliikunja.

Na bado, alipokaribia kuondoka, alinikabidhi watoto.

"Mie?" nilimuuliza. "Baada ya yale?"

"Sauti yako naiamini," alisema. "Maneno yako bado."

Kijiji kilisema mengi kuhusu safari ile. Neno kwaya kwetu lina kanisa ndani yake, na Shehe wa msikiti alikuja kumuuliza, kwa upole, anakwenda kufanya nini kwenye kwaya za Wazungu.

"Wanataka niwafundishe kupumua, Shehe. Wanaimba kabla hawajapumua."

"Na wao watakufundisha nini?"

"Ntakijua huko. Kikiwa kibaya ntakiacha uwanja wa ndege."

Shehe alicheka mpaka kikofia kikamlegea, akamsomea dua ya safari.

Wiki sita nilikaa safu ya tatu. Nilifikiria sana kuvuta pumzi, na mtu akifikiria kuvuta pumzi hawezi kuivuta. Watoto waliingia mmoja mmoja kama watu wanaochelewa swala. Siku ya nne mwenye ushungi wa kijani alinihurumia akaniambia, "Weye unapumua ovyo, dada. Vuta tu, sie tutakuja." Nilifuata ushauri wake, na hali ikawa afadhali kidogo.

Ustadha alirudi amevaa sweta tatu na hakuzivua mpaka alipofika mlangoni. Watoto walimzunguka.

"Ustadha, huko wanakula nini?"

"Viazi."

"Na wakimaliza?"

"Wakimaliza viazi wanakula viazi."

Alisimulia kidogo kidogo, kwa miezi. Aliwakalisha sakafuni watu wazima hamsini, wengine wana mvi, na saa nzima ya kwanza hakuwaruhusu kutoa sauti. Wawili walilala. Kasida hakuwafundisha, kwa sababu, alisema, majina matukufu hayafanyiwi mazoezi ya kukosea. Aliwafundisha wimbo ambao wanawake wetu huuimba wakikaa jioni kuchambua karafuu, na kwa kuwa hawakuwa na karafuu aliwagawia punje za mahindi mikono isikae bure. Mkalimani wake alikuwa kijana wa Mbeya anayesoma huko. "Mtoto mwema," alisema, "lakini Kipemba changu lazima nikirudie mara mbili, mara ya pili nakisema kama redio."

Nilitaka kumuuliza kama kijana wa Mbeya alikuwa mkalimani mwaminifu. Sikuuliza. Nilijua kwamba alikuwa.

Nikapata kazi Unguja, nikahama. Nikirudi likizo nilimtembelea, tukazungumza habari za watu na mvua. Hakuwahi kunipa karatasi.

Mara ya mwisho tuliyokaa pamoja kwa kazi ilikuwa mwaka jana, Mfunguo Tano, mwezi mmoja kabla ya Maulidi. Alinipigia simu, jambo asilolifanya.

"Uko wapi weye?"

"Unguja, Ustadha. Kazini."

"Bi Mgeni kaja. Mwalimu mkuu wa skuli ndiye alokuwa atufasirie, homa imemlaza. Meli ya kesho utaipata?"

Nilisema nitaipata. Njia nzima kutoka bandari ya Mkoani nilifikiria kama ameniita kwa kuwa amenisamehe au kwa kuwa hakuna mwengine. Nilipofika alinijibu kabla sijauliza. "Sikuwa na mtu," alisema, akaninyooshea sahani ya mkate wa boflo. Nikala.

Bi Mgeni alikuwa amezeeka kidogo, na safari hii mikono yake aliikalia bila kuambiwa. Watoto walikuwa katika maandalizi ya mashindano ya kasida ya vyuo siku ya Maulidi, Chake Chake. Aliyetoa, wenzake wakimwitikia, alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na sauti yake ilikuwa kali, ya juu, inayojaza chumba na kutoka dirishani. Kijiji kizima kilikuwa kinamtegemea. Ustadha hakumsifu mbele ya watu, lakini nilimwona anavyomsikiliza, kidole kimoja kinatembea juu ya mkeka.

Walipomaliza, Bi Mgeni hakutabasamu. Aliniambia nifasiri kwa uangalifu. Alisema sauti ya binti huyu inaumia. Anaimbishwa juu mno na kwa nguvu mno, na mwisho wa kila ubeti kuna mkwaruzo ambao haupaswi kuwapo katika koo la mtoto. Akiendelea hivi, alisema, huenda sauti hii isikae. Kisha akasita, akaongeza kwamba mwalimu mwenye masikio kama ya Ustadha alipaswa kuusikia mkwaruzo ule.

Nilikuwa na maneno ya kulainisha matatu au manne. Yalikuja yenyewe, kama yalivyokuja Wete: kwamba mgeni anashangaa, kwamba ni ushauri tu, kwamba kwao wana mtindo mwengine. Sehemu ile ya mwisho ningeweza kuiacha kabisa na hakuna ambaye angejua. Watoto walikuwa bado wamekaa. Nilimwomba Ustadha awape ruhusa watoke kwanza, akawapa, akamzuia binti peke yake.

Kisha nikamwambia. Sauti inaumia. Ni juu mno, kwa nguvu mno. Kuna mkwaruzo mwisho wa ubeti. Akiendelea, sauti huenda isikae.

Ustadha alimgeukia binti. "Koo lakuuma?"

Binti alitazama mkeka. "Jioni, Ustadha. Jioni tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Mfunguo Tatu."

"Nenda nyumbani. Leo usiimbe, wala kesho. Mwambie mama ntakuja."

Binti aliondoka. Tulibaki watatu. Ustadha alinitazama, na alijua, kwa uso wangu nadhani, kwamba sijamaliza.

"Kasema nini tena?"

"Kasema mwalimu mwenye masikio kama yako alipaswa kuusikia."

Nje watoto walikuwa wanakimbizana, wanacheka. Ustadha alilaza viganja vyake viwili juu ya mapaja. Nilisubiri akasirike, na ningelipokea hilo. Nilisubiri aniulize kama nimeongeza. Hakuniuliza.

"Nlisikia," alisema.

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa. Miezi miwili yote aliusikia mkwaruzo ule, na Maulidi yalikuwa yanakaribia, na kijiji kilikuwa kinangoja.

Bi Mgeni alinitazama, anasubiri. Nilimtazama Ustadha, nikampa nafasi ya kuchagua neno jengine, nadhani hata nilitamani alichague. Macho yake yalikuwa yamejaa lakini hakuyainamisha.

"Si nshasema," aliniambia. "Mpe."

Nikampa.